Kabla ya Semina Kulikuwa na Shangazi

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho kwenye mikutano yetu kinaanza na kicheko na kuishia na watu kuangalia simu zao. Ni tamaa ya mwili, raha yake na maumivu yake, na jinsi vyote vinavyogusana na akili. Tumeamua kuliandika jambo hili kama historia, sababu kila tukilizungumza kama somo la afya tunafika palepale: kondomu, virusi, mimba, ubakaji, sahini orodha ya mahudhurio, chukua soda, kwaheri.

Hatuzidharau semina. Kondomu zimeokoa watu tunaowajua. Kuna dada zetu ambao leo wana afya sababu mhudumu fulani aliwaambia mapema kwamba aliyebakwa awahi kliniki kabla ya saa 72 kupita. Lakini dada wa miaka 22 aliyeolewa mwaka jana, na tangu hapo hasikii chochote mwilini mwake, semina haina ukurasa wake. Wala kijana anayelala na mkewe nyuma ya pazia la shuka, na mama mkwe yuko upande wa pili wa pazia hilohilo.

Angalieni kwanza maneno yenyewe. Tunafundishwa "afya ya uzazi", yaani mwili unahesabiwa kwa watoto unaoweza kuwaleta. Tunafundishwa "magonjwa ya zinaa", na zinaa ni dhambi, kwa hiyo mama aliyeambukizwa na mume wake wa ndoa, kitandani kwake, anatoka kliniki na ugonjwa pamoja na hukumu. Tunaambiwa "tendo la ndoa", basi asiye na ndoa hana neno. Kwenye tamaa ndo kabisa: neno "tamaa" tunalitumia kwa mwizi na mla rushwa, "hamu" tunaitumia kwa ugali na dagaa, na yale maneno mengine tunayoyajua wote hayaandikiki hapa. Kwenye akili nako, daftari la kliniki linaandika "sonona", lakini hatujawahi kumsikia mama yeyote kambini akisema ana sonona. Anasema ana mawazo. Anasema moyo umechoka, usingizi umemkimbia.

Wengi wetu tulikua tukidhani bibi zetu walikuwa kimya zaidi yetu. Historia ya ufuko wa Tanganyika inaonyesha kinyume. Walikuwa na mtu wa kumuuliza. Vita na ukimbizi havikuchukua mashamba ya michikichi peke yake, viliua na kutawanya pia watu waliokuwa wakifundisha mambo ya mwili. Waliokuja badala yao, kwa nia njema kabisa, walikuja kuzungumzia hatari tu.

Kwa asiyepajua, Rumonge iko ufukoni mwa ziwa kwenye tambarare ya Imbo, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, ndagala na mukeke, na Kiswahili kinasikika sokoni sawa na Kirundi. Ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaacha kuwa mkoa ikaingizwa Burunga. Mbele yako ng'ambo ni Fizi, Kongo. Ukifuata ufuko kwenda kusini unafika Kigoma na Ujiji. Kikundi chetu kina watoto wa pande zote hizo, na ziwa halijawahi kuwa ukuta kwetu. Mwezi Januari 2018 ndugu zetu wa Fizi walivuka kwa maelfu kuja Burundi wakikimbia mapigano. Miaka mitatu kabla yake, sisi wengine tulikuwa tumekimbia kuelekea Tanzania.

Tuanze na Ujiji, sababu Waswahili wa Rumonge na wa Bujumbura wengi wana mizizi huko. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, hiyo kila mtu kaisoma shuleni. Hatukusoma habari za wanawake waliokuwa wakiishi Ujiji wakati huo. Wengi waliitwa Wamanyema, watu wa magharibi ya ziwa, Kongo ya mashariki. Baadhi walikuja na misafara kama wapagazi au wake za wapagazi, na wengi walivushwa ziwa wakiwa mateka, wametenganishwa na mama zao, dada zao na jina la ukoo. Kwa lugha ya leo tungewaita wakimbizi wa ndani na nje kwa wakati mmoja, ila hakukuwa na mtu wa kuwaandikisha.

Nguo ya mtumwa mwanamke enzi zile ilikuwa kaniki, kitambaa cheusi cha buluu, au merikani chakavu. Mwanahistoria Sheryl McCurdy mwaka 2006 alichapisha utafiti juu ya miaka ya 1880 hadi 1900, na ndani yake ameunganisha vitu vitatu ambavyo sisi hatukuwahi kuviweka pamoja: tamaa, Umanyema, na kuzaliwa kwa kanga. Tulipoisikia hoja hiyo tulishangaa. Kanga kwetu ni nguo ya mama, ya jikoni, ya kumbebea mtoto, ya msibani. Kumbe ilipoanza ilikuwa pia njia ya mwanamke kusema: mwili huu ni wangu, unatazamika, unatamanika, na mimi ndiye ninayechagua rangi. Mtu aliyeuzwa sokoni, miaka michache baadaye anajifukiza udi, anajifunga doti mpya, anatoka kwenda ngomani na wenzake. Hatusemi kwamba utumwa ulipona kwa nguo. Tunasema tu kwamba wale wanawake, baada ya kupoteza kila kitu, hawakungoja kwanza wapate nyumba na shamba ndipo wakumbuke kwamba wana mwili.

Tunawaomba dada na kaka wa mashirika wakae na hilo kidogo. Mara nyingi tunaambiwa mambo ya raha ni ya watu walioshiba, mkimbizi anahitaji kwanza maji, chakula na plastiki ya kuezekea. Maji tunayahitaji, ndiyo.

Sasa shangazi. Kwa Warundi kazi ya kumfundisha msichana ilikuwa ya masenge, dada wa baba. Waganda wanamwita ssenga. Kwa Waswahili wa pwani ni somo au kungwi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ulimwengu ulimjua kwa taarabu, lakini nyumbani Zanzibar alijulikana pia kama kungwi aliyewacheza wasichana unyago. Watu wa ufuko wetu walichanganya, maana nyumba moja inaweza kuwa na baba Mrundi, bibi Mmanyema na jirani aliyesoma madrasa Ujiji. Msichana alifundishwa usafi, hedhi, jinsi ya kumpokea mume na jinsi ya kumkatalia, na kwamba raha ni yake pia. Hili la mwisho si ndoto yetu. Katika nchi za Maziwa Makuu, Rwanda na Burundi zikiwemo, kuna ujuzi wa zamani wa kitandani ambao lengo lake hasa ni mwanamke aridhike, na mwanamume asiyeujua alikuwa akisemwa. Kulikuwa pia na gukuna, wasichana kuvuta midomo ya uke taratibu kwa miezi, ambayo hadi leo watafiti wanabishana kama ni madhara au ni ujuzi wa raha. Sisi wenyewe hatukukubaliana. Tulichokubaliana ni kwamba msichana akilazimishwa, hayo si mafunzo tena.

Tusipake sukari. Shangazi huyohuyo alifundisha pia kuvumilia. Alimwambia mwali asitoe siri ya chumbani hata akipigwa. Na aliyejikuta hatamani kuolewa kabisa, au anatamani mtu ambaye jamii haimruhusu kumtamani, shangazi hakuwa na la kumwambia zaidi ya dawa na dua. Wavulana nao, kama wazee wetu wanavyosimulia, walipata nusu ya somo: babu alikuambia habari za mahari na kazi, mengine ukaokota kwa wakubwa zako ziwani usiku mkisubiri dagaa wafuate taa. Lakini hata hivyo mtu wa kumuuliza alikuwepo, ana jina, anakaa nyumba ya tatu, na ukimuuliza leo kesho hajahamishwa mradi.

Mapadre Wazungu wa kwanza kuja kukaa Burundi walifikia hapahapa Rumonge, mwaka 1879. Mwezi Mei 1881 wawili kati yao na msaidizi wao mlei waliuawa, na misheni ikaondoka kwa muda mrefu. Iliporudi ilipanda milimani, Muyaga 1898 na Mugera 1899, na kutoka huko ikaenea hadi kuwa sauti kubwa kuliko zote juu ya ndoa na mwili. Ufukoni Uislamu ulibaki na nguvu, ndo maana hadithi ya ufuko haifanani na ya milimani. Ujiji nako, upande wa Waingereza, madaktari na wamisionari walisema Waislamu wa mji ule wanakwisha sababu hawazai vya kutosha, na lawama ikaangukia tabia na magonjwa ya wanawake. Nadhani mnaona pale ndipo mazungumzo yalipoanza kugeuka. Mwanamke aliyekuwa mwenye kanga akawa mwenye kaswende.

Kwa Wabelgiji likaja la kodi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ni historia yetu na hakuna aliyetufundisha. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ndoa mpya za mitara. Tayari ilikuwa na kodi maalumu mjini kwa wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao. Fikirini nani anaingia kwenye daftari hilo: mjane, mama aliyeachika, mke wa pili ambaye ndoa yake ya Kiislamu serikali haitaki kuitambua, na kahaba. Wote mstari mmoja, jina moja, kodi moja. Serikali ilikuwa ikikusanya pesa, na papo hapo ikiwaambia majirani wa hawa wanawake kwamba mwanamke asiye na mume anayetambulika ni mwanamke wa kila mtu.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu walikataa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wajane, walioachika na wake wa mitara waliungana dhidi ya kodi ile, na mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyeandika habari zao mwaka 1991, anaonyesha kwamba upinzani wao ulifanya kazi. Kilichotugusa ni kwamba hawakuwa wakipigania faranga tu. Walikuwa wakipigania jina. Waliona mbali kwamba ukiandikwa vibaya kwenye daftari la serikali, aibu inaingia nyumbani, inalala na wewe, inakuamsha usiku. Leo tungesema ni suala la afya ya akili. Wao walisema wametukanwa.

Madaftari bado yapo, jamani. "Mama asiye na mume." "Msichana aliye hatarini." "Mwenye mahitaji maalumu." Tunajua yanasaidia kupata mgao na makazi. Tunajua pia jirani anasoma foleni uliyopangwa.

Halafu 1972. Tarehe 29 Aprili waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na kuua watu, wengi wao Watutsi. Jeshi lilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, miezi kadhaa, waliosoma kwanza. Warundi wanaita Ikiza, na makadirio mengi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Ufuko wa kusini ulimwagika Tanzania: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo mwaka 1978. Mashamba ya michikichi ya Rumonge yaligawiwa watu wengine, na ugomvi wake haujaisha mpaka leo. Mashamba yalikuwa na tume, yana kesi, yana mipaka inayopimwa. Kwa masenge hakuna tume. Mzee mmoja wa kikundi chetu alituhesabia: baba yake alikuwa na dada wanne. Wawili waliuawa, mmoja alivuka kwenda Kongo, mmoja alifika Ulyankulu akafa kwa malaria mwaka wa pili. Binti zake yeye mzee waliolewa na kijitabu cha misheni.

Msikose kuona kilichotokea hapo. Utaratibu wa shangazi unahitaji ukoo kukaa karibu. Shangazi ameolewa kilima cha pili, unatumwa kwake wiki mbili, unarudi umejua. Kambi inagawa watu kwa plot na kwa tarehe ya kufika. Mama yako mzazi, ambaye kwa mila yetu ndiye hasa asiyepaswa kukuambia mambo ya chumbani, ndiye pekee aliyebaki. Basi anakaa kimya, na anaona aibu kwa kukaa kimya, na wewe unadhani amekasirika.

Wimbi la 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, lilijaza kambi za Ngara na Kibondo. Hapo ndo tunapata picha ya wanaume. Simon Turner, Mdenishi aliyeishi na kuuliza watu kambi ya Lukole miaka ya 1990, aliandika jinsi wanaume walivyolalamika kwamba UNHCR imekuwa mume wa wake zao. Yeye ndo analisha, yeye ndo anajenga, yeye ndo anamsikiliza mke akishtaki. Watu wa mashirika huicheka kauli hiyo, au wanaisikia kama mfumo dume tu. Upo ndani yake, hatukatai. Lakini isikilizeni pia kama maneno ya mtu anayeumwa. Mwanamume aliyefundishwa kwamba kutamaniwa kunatokana na kuleta samaki nyumbani, sasa hana mtumbwi, hana wavu, anakaa kutwa nzima chini ya plastiki. Mwili wake ukimkatalia usiku anahisi ameoza. Hatamwambia mtu. Atakunywa, au atapiga, au vyote viwili. Na mke anayepigwa hapaswi kungoja mpaka mume aeleweke ndipo apate msaada. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Kambi za Kibondo, 1996 na 1997, shirika la IRC liliwauliza wanawake wa Kirundi moja kwa moja, na takriban robo ya waliohojiwa walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono tangu wawe wakimbizi. Mkutano wa Kairo wa 1994 ulikuwa umeshasema haki ya afya ya uzazi ni ya kila mtu, na mwaka 1995 mashirika yaliunda kikundi cha pamoja kwa ajili ya wakimbizi. Hapo ndipo zilipotoka huduma za chini kabisa zinazoletwa na kila dharura: kujifungua salama, damu salama, kondomu, tiba ya aliyebakwa. Ni kazi kubwa. Bujumbura nako, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Seruka mwaka 2003 kwa waliobakwa, kikaendelea mikononi mwa Warundi wenyewe. Tunaheshimu. Ila ndivyo mwili wa mkimbizi ulivyoingia kwenye makaratasi, kupitia mlango wa damu.

UKIMWI uliongeza woga juu ya woga. Lakini hapa kuna mtu mmoja tunataka kila kijana amjue. Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi, mwanzilishi wa shirika la ANSS la mwaka 1993. Katikati ya miaka ya 1990, akiwa kanisani, alimsikia padre akisema wenye UKIMWI wahurumiwe kwa vile walitenda dhambi na sasa wanailipia. Akasimama mbele ya watu wote. Akasema yeye ana virusi, na hajawahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya mume wake. Alikuwa Mrundi wa kwanza kulitamka hadharani. Tukirudi kwenye neno "zinaa" tulilosema mwanzo, huyu mama alilijibu kwa sentensi mbili.

Nyumbani, sheria nazo hazikukaa kimya. Mwaka 2009 kanuni mpya ya adhabu ilifanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jela, miezi mitatu hadi miaka miwili. Seneti ilikuwa imekataa kifungu hicho, Bunge likakirudisha. Mwaka 2017 wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa waliamriwa wafunge ndoa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2018 wizara ya elimu iliwafukuza shule wasichana wenye mimba na wavulana waliowapa, kisha agizo likaondolewa mwaka huohuo. Kuna waliokimbia kwa sababu hizo pia, ingawa kwenye usaili si rahisi kuzitaja. Baadhi yao wanasoma hapa, na tunawasalimu bila kuwataja.

Sasa maisha ya kila siku, yale ambayo vijana wanatuuliza usiku kwa ujumbe. Tutajibu machache.

Tamaa na woga havikai vizuri pamoja mwilini. Mwili unaohisi hatari unapeleka damu kwenye miguu ukimbie, na unazima mambo mengine, usingizi, njaa, hamu. Waliokuwa Kagunga mwezi Mei 2015 wanakumbuka: makumi ya maelfu ya watu kwenye kipande kidogo cha ufuko, kipindupindu, na meli Liemba inachukua mia sita kwa safari moja. Mwili uliopita pale unaweza kubaki na tahadhari miaka mingi baadaye, hata kwenye chumba chenye mlango na kufuli. Kutohisi chochote si uchawi, si mke mbaya, si mwanamume aliyekwisha. Kwa wengine inageuka upande wa pili, wanatafuta mwili baada ya mwili ili wasisikie mawazo. Nayo si umalaya. Ni mtu anayejitibu na dawa iliyo karibu.

Sonona yenyewe hupunguza hamu, na baadhi ya dawa zake, kama fluoxetine, huipunguza pia. Tumekutana na vijana walioacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, wakarudi chini kabisa. Usiache ghafla. Mwambie aliyekuandikia, kuna kubadilisha dozi au dawa. Na wewe mhudumu, uliza mwenyewe, maana mgonjwa hatakuanzishia. Mwongozo wa WHO na UNHCR wa mwaka 2015 kwa afya ya akili kwenye dharura una sura za msongo, maombolezo, sonona, kifafa, ulevi na kujiua. Hamu haina sura.

Jingine ni zito. Kuna walionusurika, wanawake na wanaume, wanaojichukia sababu wakati wa kushambuliwa mwili ulijibu: uke ukalowa, uume ukasimama. Hiyo ni neva tu, kama machozi ukikata kitunguu. Haikuwa ridhaa, haikuwa raha, na haikugeuzi kuwa mtu mwingine. Wanaume wanasikia hili mara chache sana. Kampala, Refugee Law Project wamefanya kazi na wanaume walionusurika miaka mingi, wengi wao kutoka Kongo, na kazi hiyo imeonyesha kwamba wanaume huzungumza wakipata mahali. Kliniki nyingi bado zina bango lenye picha ya mama na mtoto mlangoni, na mwanamume akiliona anapita kama anaenda sokoni.

Kuhusu pazia la shuka: tumewahi kuuliza kwenye kikao cha makazi kama nyumba inaweza kuwa na ukuta mmoja zaidi. Watu walicheka. Mama mmoja wa makamo hakucheka, alisema ndoa yake ilikufa kwenye hema la watu saba na si kwa sababu ya njaa. Baada ya hapo kikao kilinyamaza na swali likaandikwa kwenye kumbukumbu. Bado lipo kwenye kumbukumbu.

Tangu mwaka jana tumeanza kukusanya maneno. Tunawaendea bibi waliozaliwa ufukoni kabla ya 1972, na wa Fizi na Uvira pia, tunawauliza mliitaje hiki, mliitaje kile, bila matusi na bila hospitali. Hatutaki kumrudisha shangazi mzima na fimbo yake. Tunataka maneno yake kwanza, tutayachuja wenyewe. Kazi ni ngumu, bibi wengine wanatufukuza. Mmoja, mzaliwa wa karibu na Rumonge, alitukalisha, akatupa chai, akazungumza habari za mawese saa nzima. Kisha akasema neno mnalolitafuta ninalo, lakini hawa wavulana watoke kwanza.

Walitoka. Dada zetu walibaki ndani mpaka giza, na kicheko kilisikika hadi bombani.

Wavulana sasa wanamtafuta babu.